Sawasawa ya Bibi

Jumamosi iliyopita kondakta wa basi la Biharamulo alinishushia mzigo pale kituoni Benaco. Ulikuwa mrefu na mwembamba, umefungwa kwa gunia la kahawa na kuzungushiwa kamba ya katani kama maiti ya nyoka.

"Mzee, humu mna bunduki?"

"Mna fimbo."

"Fimbo tu, ndiyo imefungwa hivi?"

"Kijana, wewe humjui dada yangu."

Nilipofika nyumbani nikaikata kamba, na kabla sijaiona hiyo fimbo harufu yake ikanifikia. Harufu ya tairi lililokatwa karibuni. Pale chini inapogusa ardhi fundi alikuwa amepigilia kipande cha mpira, ule ule wanaotengenezea viatu vya katambuga. Nikakaa kizingitini. Mke wangu akatoka mbio akidhani ni goti. Goti nalo lilikuwapo, tena ndilo lililosababisha niletewe fimbo, lakini kilichonikalisha siku ile ni harufu.

Harufu hiyo kwangu ina umri wa miaka minane, umri niliokuwa nao dada yangu Bukuru alipoondoka nyumbani kwenda shule, mimi nikabaki. Kubaki ndiyo kazi niliyoiweza kuliko zote. Nilisoma hadi kidato cha nne, kwenye shule ambayo nikikohoa darasani mama alisikia. Baadaye nikaitwa kazini Mwanza. Nilikaa siku kumi na moja, nikarudi kuangalia kama migomba ipo. Ilikuwapo. Ninyi wa rika langu mmeizunguka nchi. Mimi nimeizunguka nyumba, na nawahakikishia ina mengi.

Sisi ni mapacha. Kwetu Ngara majina ya mapacha hayasumbui mtu: aliyetangulia ni Bukuru, aliyefuata ni Butoyi. Bukuru, ambaye ni mtoto wa kike, alinitangulia kwa muda wa kuivisha chungu cha maharage, ndivyo Bibi alivyopenda kusema, na maharage ya Bibi yalikuwa magumu. Hata siku ile, anasema Bukuru, mimi ndiye niliyekuwa sitaki kutoka.

Bibi, mama yake baba, alitulea kwa sheria moja tu: sawasawa. Akichoma kiazi kimoja, alichoma na cha pili. Bukuru akinyolewa, nilinyolewa. Mimi nikichapwa kwa kosa langu, Bukuru aliguswa begani na ufito ule ule, polepole, asije akaona amebaguliwa. "Pacha ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake," alituambia, "yule uliyemnyima anakasirika anarudi alikotoka." Alikotoka ni wapi hatukuuliza. Tulikula viazi vyetu.

Sawasawa hiyo ilikuwa imeshindwa mahali pamoja tu. Kabla hatujaanza kukumbuka mambo, homa ilitupitia sote wawili katika juma moja. Mimi iliniacha kama ilivyonikuta. Bukuru ilimwachia miguu myembamba, laini, isiyomsimamisha. Alitembea kwa mikono na makalio, amekalia kipande cha ngozi ya mbuzi, na kwenye uwanja uliofagiliwa vizuri hakuna aliyemshinda mbio. Watoto wa jirani walimwita majina ya wakati ule, ambayo siku hizi hatuyatamki. Yeye aliwajibu kwa majina ambayo hata wakati ule hayakutamkwa.

Nami, nikiwa mtoto wa akili fupi, niliielewa miguu ile vibaya kabisa. Zile zilikuwa siku ambazo kila jambo lilitaka kibali. Ukienda Biharamulo unaomba barua, ukichinja ng'ombe unaomba barua, ukikosa kazi ya shamba la kijiji unaonyesha barua. Nikaamini kwamba miguu ya Bukuru ilikuwa kibali cha aina hiyo, kimetolewa na serikali, cha kumruhusu mtu kukaa nyumbani. Na kwa kuwa sisi ni sawasawa, kibali kilikuwa chetu wawili.

Nilikitumia vizuri. Makao yangu yalikuwa jikoni kwa Bibi, nyuma ya mafiga, mahali pale ambapo moshi unapita juu ya kichwa na joto linakuja usawa wa tumbo. Hadi leo nikisikia harufu ya maganda ya ndizi yaliyoungua nasinzia. Wanaume wakipita waliniita bi harusi. Niliitika, ilimradi sikuambiwa niinuke.

Tulihamia kijiji cha ujamaa tukiwa wadogo bado. Wazee walilalamika, Bibi kuliko wote. Alikuwa ameachishwa migomba aliyoipanda kwa mkono wake bondeni, akapangwa kwenye mstari wa nyumba juu ya mlima, huko Mugoma, kama kikombe kwenye kabati. "Nikipiga chafya, nyumba saba zinaniambia pole," alilalamika. "Hayo ni maisha?" Mtu mmoja tu hakulalamika. Kule bondeni Bukuru alikuwa anaona migomba na sisi. Huku juu, akikaa mlangoni, aliona shule. Ilikuwa hapo tu, ng'ambo ya uwanja wa mpira, na madirisha yake hayakuwa na vioo, kwa hiyo kila kilichosemwa ndani kilitufikia.

Basi Bukuru akasoma kwa masikio. Asubuhi alisogeza ngozi yake hadi mwisho wa uwanja wetu, pembeni ya mkeka wa maharage, akatulia. Darasa likiimba jedwali, aliimba. Mwalimu akiuliza swali, yeye alijibu kwa sauti iliyovuka uwanja wa mpira, na mara nyingi alijibu kabla ya waliokaa darasani. Mimi nilikuwa jikoni nikisikia pande zote mbili za shule, nikaona nimesoma vya kutosha.

Ndipo ikaja amri kwamba kila mtoto lazima aandikwe shule. Mwalimu Mkuu alipita nyumba kwa nyumba na balozi wetu wa nyumba kumi, daftari kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama mmekuja kuhesabu mbuzi, wamekwenda malishoni."

"Tumekuja kuhesabu watoto."

"Watoto hao hapo. Wahesabuni, kisha muwaache hapo hapo."

Mwalimu akaniona kupitia mlango wa jiko, mdomo umejaa kiazi. "Huyu wa kiume ni mkubwa tayari. Aanze Jumatatu."

"Na huyu?" Bibi akamwelekezea Bukuru kidevu.

Mwalimu aliitazama miguu, akalitazama daftari, akayatazama maharage. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na madarasa mawili na watoto wa kujaza manne. "Huyu, bibi... huyu hatumwandiki. Watoto wanakaa juu ya matofali, choo kiko kule mteremkoni. Nani atambeba? Nani atamfundisha mtoto wa namna hii? Hatukusomea."

"Saba mara nane ni hamsini na sita," alisema Bukuru.

Mwalimu akageuka. "Kumbe ni wewe unayetupigia kelele?"

"Ni ninyi mnaochelewa kujibu, mwalimu."

Balozi alicheka hadi akakohoa. Mwalimu hakucheka. Nadhani alitamani kumwandika. Kalamu ilishuka hadi kwenye karatasi, ikapanda tena.

"Kama huyu hana mahali," Bibi akasema, "basi na yule hana."

"Bibi, ni amri. Elimu ni lazima kwa wote."

"Kwa wote au kwa nusu? Mimi hapa nina pacha, sina nusu. Sawasawa, au waache."

Nilimpenda Bibi siku ile kuliko siku zote. Lakini Mwalimu aliandika jina langu na kupiga mstari chini yake, akasema nisipoonekana Jumatatu baba ataitwa ofisi ya kijiji. Baba alikuwa mtu mpole, na hata kuitwa kula aliitika kwa hofu. Usiku huo nililala nikihesabu siku. Bukuru naye hakulala. "Ungenipa mimi hilo jina lako," aliniambia gizani. Nikamwambia achukue. Sikuwa nafanya ukarimu, nilikuwa natupa mzigo.

Jumamosi asubuhi nilianza kuchechemea.

Wazo lilinijia nikiwa nameza kiazi cha pili. Kibali ni miguu; kumbe tatizo ni kwamba mimi sijakionyesha. Nikainuka, nikavuta mguu wa kulia kama nimeufunga jiwe, nikavuka uwanja nikiguna. Mama alikuwa shambani. Bukuru alinitazama kwa makini, kama mtu anayetazama mwenzake akiharibu ngoma anayoijua yeye.

"Umekanyaga mwiba?"

"Mguu umekufa."

"Wote?"

"Wote."

"Mguu uliokufa hauumi, mjinga. Guna kidogo."

Jumapili nilivuta wa kushoto. Nilikuwa nimesahau. Bukuru alisubiri Bibi aingie ndani, akaninong'oneza, "Jana ulikufa wa kulia. Leo umefufuka?" Angeweza kunitaja pale pale. Hakunitaja, na sikujua kwa nini.

Kitu ambacho sikukihesabu ni Bibi. Nilitarajia ataniambia nikae jikoni. Badala yake alikaa chini ghafla, akashika magoti yangu kwa mikono yote miwili, akayabonyeza kama anavyobonyeza parachichi, na uso wake ukawa uso nisioujua. "Imefuata," alisema. "Imemfuata na huyu." Aliamini kwamba ile homa imerudi kumchukua wa pili. Nilitaka kumwambia. Ulimi ulikuwa mvivu kuliko miguu. Bibi alikwisha kutoka nje anapiga ukelele, na nyumba saba zikamjibu.

Jumatatu asubuhi, badala ya mimi kwenda shule, shule ilikuja kunibeba.

Hilo linataka maelezo. Sisi mgonjwa tulimbeba hadi zahanati kwa ingobyi, machela ya kusukwa iliyofungwa kwenye miti mirefu, watu wanne chini yake. Ilikuwa moja kwa mstari wetu wote, na kila mwanaume alipaswa kuinama akiitwa, awe tajiri, awe mgeni. Aliyekataa, siku yake angekosa wa kumbeba. Wakati ule vijana walikuwa wamekwenda na mgambo, kwenye vita huko kaskazini ambavyo sisi tulivijua kwa redio ya balozi na kwa magari yaliyopita yasirudi. Waliobaki ni wazee na walimu. Kwa hiyo mabega manne yaliyopatikana yalikuwa ya baba, ya balozi, ya mzee mmoja jirani, na ya Mwalimu Mkuu mwenyewe, shati jeupe, amefunga shule.

"Mlazeni," alisema Bibi. "Na huyu naye."

"Huyu ana nini?" akauliza balozi, akimtazama Bukuru aliyekwisha kujisogeza hadi kwenye ingobyi.

"Hana kitu. Ni pacha. Hambebi mmoja mkaacha mmoja."

"Mama," alisema baba kwa unyonge, "ni watu wawili."

"Na mimi niliwabeba wawili mgongoni peke yangu, na wewe ukinitazama. Inama."

Wakainama.

Nilijua ingobyi hubeba watu wa aina tatu: bi harusi, mgonjwa, na yule ambaye wanawake wanamfuata wakilia. Wanawake walikuwa wanatufuata wakilia. Kwa kuwa wapita njia waliniita bi harusi siku zote, nilianza kuchanganyikiwa nihesabiwe wapi. Tulilala kichwa kwa miguu, mimi na Bukuru, tukiyumba kama ndizi kwenye kikapu, na harufu ya jasho la mwalimu ikitushukia kwa zamu.

"Mguu gani leo?" aliniuliza kwa mnong'ono.

"Wa kushoto."

"Ukumbuke basi. Usipone kabla hatujafika."

"Kwa nini?"

Alikuwa ameinua kichwa juu ya ukingo, macho yote nje. Ndipo nikatambua kwamba Bukuru hakuwahi kufika hata kwenye mti wa mwisho wa mstari wetu. Tuliposhuka bonde la kwanza alisema, "Kumbe maji yana sauti hivi." Tulipopanda upande wa pili na kuona milima mingine nyuma ya milima yetu, bluu, na mingine tena nyuma ya hiyo, alishika ukingo kwa mikono yote miwili. Waliotukuta njiani waliweka majembe chini wakapokea miti, kama desturi ilivyotaka, wakauliza mgonjwa ni nani, na Bukuru akawajibu kwa sauti ya afya kabisa, "Ni huyu, ana hali mbaya sana."

Mganga wa zahanati alikuwa Msukuma mrefu aitwaye Masanja, aliyeletwa kwetu kutoka Shinyanga na bado akishangaa milima. Alinilaza juu ya meza. Akanigonga goti kwa nyundo ndogo, mguu ukaruka. Akanitekenya wayo, nikacheka. Akaniinamia sikioni.

"Ulitakiwa kuanza shule lini?"

"Leo," nikasema.

"Naam." Akamgeukia Bibi. "Bibi, huyu ana ugonjwa wa Jumatatu. Utapona." Akanipa vidonge vichungu ambavyo hadi leo naamini havikuwa dawa ya chochote. Bibi hakuelewa utani ule, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alisikia neno ugonjwa tu, likamtosha. Mwalimu alielewa. Aliyaangalia mabega yake yaliyochubuka, kisha akaniangalia mimi.

"Na huyu je?" Masanja alimwona Bukuru sakafuni. "Huyu mmemletea nini?"

"Huyu hajambo," alisema Bibi. "Amekuja kwa sawasawa."

Yule bwana akachuchumaa. Hakumgonga na nyundo. Alimshika miguu polepole, akamwambia asukume mikono yake, akasukumwa hadi akakaa chini kwa makalio, akacheka. Akamuuliza hesabu mbili tatu, akajibiwa kabla hajamaliza. Akabaki amechuchumaa.

"Miaka minane. Kwa nini hamkumleta hata siku moja?"

Baba alitazama nje. Mwalimu alitazama daftari ambalo hakuwa nalo. Ni Bibi aliyejibu, naye alijibu kwa kushangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakupeleka mlima hospitali.

"Hakuwa mgonjwa."

Masanja akatueleza kwamba wako wamisionari, mbali, upande wa pili wa Biharamulo, wenye shule ya watoto wa miguu kama ile. Wanawafundisha kusoma na kushona, na wanao fundi wa kuwatengenezea magongo ya kwapani wakatembea. "Wakatembea?" aliuliza Bukuru. "Wima," alisema Masanja. Akaandika barua pale pale, na Mwalimu Mkuu akaomba kalamu akaongeza maneno yake chini, mengi kuliko ya mganga. Sikuyaona, lakini hesabu ya hamsini na sita ilikuwamo, maana nilisikia akiisoma.

Jibu lilichelewa mwezi na kitu, magari yakiwa vitani. Mwezi mzima huo nilichechemea. Msidhani ni raha. Ukichechemea kwa uongo huwezi kucheza, huwezi kupanda mti, huwezi hata kwenda haja kwa haraka. Nilikuwa nimeufunga mguu wa kushoto uzi mwekundu nisisahau, nikamwambia Bibi ni dawa. Na kila jioni Bukuru alinisimulia kusimama wima. Ataona juu ya mkeka. Ataona ndani ya chungu bila kuomba. Atamwangalia Mwalimu usoni na si magotini. Nilichoka kumsikia, nikatamani barua ipotee.

Haikupotea. Balozi aliileta mchana, Mwalimu akaisoma uwanjani, Bibi akichambua maharage. Iko nafasi moja. Mtoto aletwe kabla ya mwisho wa mwezi.

"Moja?" akauliza Bibi.

"Moja, bibi. Wana vitanda vichache."

"Basi haendi. Nao ni wagonjwa wote wawili sasa. Waende wote au wakae wote. Waandikie hivyo."

Nilipumua. Lakini Bukuru alisogeza ngozi yake hadi mbele ya Bibi kabisa, akatulia, na alipozungumza hakuwa na ule utundu wake.

"Bibi, wewe ni mtu wa sawasawa."

"Ndiyo, mwana wanje, mwanangu."

"Nimekaa nimehesabu. Kila kitu umetugawia sawa. Lakini Butoyi alipewa miguu miwili, mimi sikupewa. Miaka minane sijasema. Sasa nasema. Ama anipe wake mmoja, ama mimi nipewe shule. Hapo ndipo tutakuwa sawa."

Hakuna aliyecheka, hata balozi. Bibi aliacha maharage. Nilimwona akiipima hoja hiyo, na nilimwona akiikubali. Kisha akatikisa kichwa taratibu, machozi yakimlengalenga.

"Ungeniambia mwaka jana, ningekupeleka mwenyewe mgongoni. Lakini tazama. Imana, Mungu wetu, amesawazisha. Na yeye mguu wake umekufa. Sasa mko sawa."

Bukuru akanigeukia. Alikuwa amenificha mwezi mzima, maana uongo wangu ndio uliomvusha milima, na sasa uongo ule ule umekaa mlangoni na kufunga njia. Kwa neno moja angeniumbua. Alinitazama tu, akasubiri, kama alivyosubiri darasa zima lijibu swali alilolijua.

Nimejaribu mara nyingi kujisifia hapa na kusema niliwaza. Sikuwaza. Nilisikia joto la jiko mgongoni kwangu na harufu ya viazi vikikaribia kuiva, na nikajua nikinyamaza vitakuwa vyangu milele. Kisha miguu ikainuka yenyewe. Nikaufungua ule uzi mwekundu. Nikachukua mbio tokea mlango wa jiko na kuruka mkeka wote wa maharage, upana wake, pamoja na miguu ya Bibi iliyonyooshwa pembeni yake. Nikatua. Nikageuka, nikaruka tena kurudi. Kuruka chakula ni mwiko, kuruka miguu ya mzee ni mwiko mkubwa zaidi. Nilivunja miwili kwenda na miwili kurudi, nikasimama mbele yake.

"Upi ulikuwa umekufa?" Bibi aliuliza.

"Hakuna, Bibi."

"Jumamosi ilikuwa wa kulia," alisema Bukuru kwa upole. "Jumapili wa kushoto."

Mwalimu Mkuu alijishika bega. Bibi akainuka, akaingia ndani, akatoka na panga, nikaona nimekwisha. Akapita, akaenda nyuma ya nyumba, tukasikia mti ukikatwa. Alirudi na mti mmoja ulionyooka. Akaulaza chini, akaupima kwa shubiri, akaukata katikati. Kipande kimoja alimpa Bukuru. "Hiki cha kusimamia." Cha pili alikishika yeye. "Na hiki cha Butoyi. Sawasawa." Cha kwangu nilikipokea pale pale, makalioni, mbele ya Mwalimu, na kwa mara ya kwanza maishani mwetu Bukuru hakuguswa begani.

Fundi wa katambuga wa kijijini alipigilia tairi chini ya fimbo ya Bukuru isiteleze. Ndiyo harufu yenyewe. Haikumsaidia kutembea, magongo yalikuja baadaye, lakini aliishika kwenye ingobyi kama mwenyekiti wa kijiji anayekagua mashamba. Balozi na Mwalimu walikuwa kwenye mkutano wa michango ya vita siku ya kuondoka kwake, na baba peke yake hakutosha. Mama akaingia chini ya mti, na jirani zetu wawili, wanawake, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Bibi akasema ingobyi haina macho ya kuona nani mwanamke. Niliwasindikiza hadi mti wa mwisho wa mstari, kwa miguu yangu miwili mizima. Nililia. Bukuru hakulia, alikuwa na kazi ya kutazama. Nikarudi jikoni, viazi vilikuwa viwili, Bibi alikuwa amesahau. Nilivila vyote. Jumatatu nikaenda shule, na Mwalimu akanikalisha mbele kabisa.

Bukuru alirudi likizo akiwa mrefu kuliko mimi. Hatukuwahi kujua. Alisoma, akajifunza kupiga chapa, akafanya kazi ofisini Biharamulo hadi alipostaafu, na nyumba yake ina ghorofa la vitabu, kama anavyoliita, yaani kabati. Nikikumbuka, huwa namkumbuka pia mtoto wa nyumba ya nne kwenye mstari wetu, aliyezaliwa hasikii. Alikuwa rika letu. Amechunga mbuzi hadi ameota mvi, na ana akili ya kuunda redio ambayo hataisikia. Hakuna aliyemwandikia barua. Hakuwa mgonjwa, na hakuwa na pacha mwongo.

Nilimpigia Bukuru simu jioni ile ile, fimbo ikiwa mapajani.

"Imefika," nikamwambia.

"Urefu unatosha?"

"Unatosha. Mti gani huu?"

"Mzuri kuliko ule uliochapiwa. Na daktari anasema ni goti lipi?"

"La kushoto."

Nilimsikia akijizuia, kama alivyojizuia mwezi mzima ule, kisha akashindwa.

"Funga uzi mwekundu," alisema. "Kesho usije ukasahau."